Betri Tupu Siyo Betri Mbovu: Uhakiki wa Vipimo Vitano Tunavyovitumia Kuihukumu

Gari likikataa kuwaka asubuhi, hukumu hutangulia uchunguzi. Jirani anayepita na ndoo ya maji anasema ni betri. Mlinzi wa getini anasema ni betri. Fundi akifika, boneti haijafunguliwa vizuri, naye anatikisa kichwa: "Bosi, betri imekufa hiyo." Mara nyingi wanapatia, na ndiyo maana desturi hii ina nguvu. Tatizo ni siku wanazokosea. Betri mpya inanunuliwa, gari linawaka, kila mtu anafurahi, hela inatoka. Baada ya wiki moja, pale pale, gari liko kimya tena, na sasa analaumiwa aliyeuza betri.

Makala hii haikuandikwa ili kuwasema mafundi. Wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, huku mteja amesimama pembeni anaangalia saa. Tunachotaka kuhakiki ni vipimo vyenyewe: zile mbinu tano ambazo mtaani, gereji na hata kwenye video fupi za simu huchukuliwa kuwa zinatosha kuihukumu betri. Kila moja tutaipa haki yake, tutaeleza inapima nini hasa, halafu tutaonyesha inapodanganya.

Kigezo chetu

Kabla ya kuamini kipimo chochote, kuna swali moja ambalo mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kuliuliza: kama hali ingekuwa tofauti, je, kipimo hiki kingetoa jibu tofauti? Chukua kipimo cha malaria kinachosema "unayo" kwa kila anayeingia zahanati. Msimu wa mvua kitapatia watu wengi tu. Lakini hakijapima kitu, maana hakina uwezo wa kusema "huna".

Sasa turudi kwenye gari. Umezungusha ufunguo, umesikia "tik", halafu kimya. Tukiiacha stata yenyewe pembeni kwanza, washukiwa ni wanne. Wa kwanza, betri ni mbovu kweli. Wa pili, betri ni nzima lakini tupu, kwa sababu alteneta haiichaji. Wa tatu, betri ni nzima lakini tupu, kwa sababu kuna kitu kinanyonya umeme usiku kucha gari likiwa limezimwa. Wa nne, betri ni nzima na imejaa, ila umeme wake haufiki kwenye stata: kibano kimelegea, kichwa cha betri kimeota unga mweupe au wa kijani, au waya wa athi umeoza pale unapofungwa kwenye bodi.

Sasa watibu wote wanne kwa dawa moja, betri mpya. Mshukiwa wa kwanza anapona kabisa. Wa pili na wa tatu wanapona kwa siku kadhaa, kwa sababu betri mpya huja dukani ikiwa na chaji. Na wa nne? Naye anaweza kupona, tena kwa muda mrefu, kwa sababu fundi akifunga betri mpya hukwangua vibano na kuvikaza. Kilichotibu ni spana na kipande cha msasa, sifa inakwenda kwa betri.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo zima. Kuwaka kwa gari baada ya kubadilisha betri si ushahidi kwamba betri ya zamani ilikuwa mbovu, kwa sababu gari lingewaka kwa makosa yote manne. Dawa inayofanya kazi kwa kila ugonjwa, angalau kwa siku moja, haiwezi kutufundisha ugonjwa ulikuwa upi.

Lugha yetu nayo inachangia. Tunasema "betri imekufa" kwa betri iliyochakaa ndani na kwa betri iliyoishiwa chaji kwa sababu mtoto aliacha taa ya ndani inawaka. Humu tutazitenganisha. Betri mbovu ni ile isiyoweza tena kutunza au kutoa umeme wa kutosha hata ikichajiwa vizuri. Betri tupu ina njaa tu. Mgonjwa na mwenye njaa wote huanguka, lakini hawapelekwi sehemu moja.

Kipimo cha kwanza: honi na taa

"Honi inalia, taa zinawaka, basi betri nzima hiyo." Hiki ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha udhaifu wake.

Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja hula wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 hivi. Stata ya gari dogo la petroli inahitaji ampea 100 hadi 200. Ya dizeli huhitaji zaidi. Sasa kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Betri ikiwa nzima, ukinzani huo ni mdogo sana, elfu chache tu za omu moja. Tuseme betri imechakaa na ukinzani umepanda hadi omu 0.03. Ukiwasha taa, volti zinazopotea ndani ya betri ni 9 × 0.03, yaani 0.27. Hutaona tofauti kwa macho. Lakini stata ikidai ampea 150, zinazopotea ni 150 × 0.03, yaani 4.5. Kutoka volti 12.6 unabaki na 8.1, na stata haizunguki.

Ni sawa na kumpima mpagazi wa sokoni kwa kumbebesha kikapu cha nyanya, halafu ushangae akianguka na gunia la viazi.

Haki yake: kipimo hiki kinaweza kuboreshwa bila senti moja. Washa taa kubwa, mwombe mwenzako azitazame, kisha piga stata. Taa zikififia sana au kuzimika, betri imeelemewa au kuna muunganisho mbovu karibu nayo. Taa zikibaki na mwanga ule ule huku stata ikiwa kimya, mzigo mkubwa haujaifikia betri kabisa: tafuta kwenye stata, swichi yake au waya unaokwenda huko. Tumebadilisha kitu kimoja tu, yaani tumeuliza swali wakati wa mzigo, na kipimo kimeanza kutenganisha washukiwa.

Kipimo cha pili: taa nyekundu yenye picha ya betri

Taa hii ya dashibodi ina kosa ambalo tungeliita la kiuandishi: picha inasema kitu kimoja, saketi inasema kingine. Imechorwa betri, kwa hiyo ikiwaka watu wanakimbilia kununua betri. Lakini kwa asili taa hii huripoti habari za alteneta.

Katika mpango wa zamani ambao bado unasaidia kuielewa, upande mmoja wa taa umeunganishwa na swichi ya ufunguo, yaani volti za betri, na upande wa pili umeunganishwa na alteneta. Ukifungua ufunguo injini ikiwa imezimwa, upande wa alteneta hauna volti, umeme unapita, taa inawaka. Injini ikiwaka na alteneta ikaanza kuzalisha, pande zote mbili zinakuwa na volti karibu sawa, umeme haupiti, taa inazimika. Kwa maneno mengine, taa inaonyesha tofauti kati ya sehemu mbili. Kwenye magari mapya kompyuta imeingia katikati, lakini ujumbe mkuu ni ule ule: chaji haizalishwi inavyotakiwa. Betri inaweza kuwa imechakaa kabisa na taa hii ikakaa kimya, kwa sababu haijawahi kuulizwa habari za betri.

Na ukimya wenyewe usiuamini mpaka uhakikishe taa ina uwezo wa kusema. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa isipowaka hapo, huenda balbu imeungua au saketi imekatika, kwa hiyo kuzimika kwake barabarani hakuna maana yoyote. Tena kwenye baadhi ya alteneta, umeme mdogo unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, chaji nayo inaweza kukosekana.

Ikiwaka ukiwa safarini, usiipuuze. Sasa unaendesha kwa akiba ya betri peke yake. Betri ya ampea-saa 45 ikilishia ampea 25 za taa, feni na mfumo wa mafuta haina muda mrefu, na volti zitashuka mno kabla haijaisha kabisa. Zaidi ya hapo, kwenye injini nyingi mkanda unaozungusha alteneta (feni belti) ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji. Taa ya chaji ikiwaka na sindano ya joto ikaanza kupanda, simama. Mkanda umekatika, na dakika chache za ubishi zinaweza kuipika injini.

Kipimo cha tatu: kuchomoa waya wa betri injini ikiunguruma

Hiki ndicho tunachokikataa moja kwa moja. Injini inawashwa, fundi anachomoa waya wa betri. Injini ikiendelea, eti alteneta nzima. Ikizimika, alteneta mbovu.

Kilitoka wapi? Magari ya zamani yalitumia dainamo na hayakuwa na kompyuta ya kuungua. Alteneta ilianza kushika nafasi yake miaka ya 1960. Chrysler, kwa mfano, iliiweka kwenye Valiant ya mwaka 1960. Gari likabadilika, desturi ikabaki.

Kwanza, kipimo hiki ni hafifu kama ushahidi. Injini ya petroli kwa silensa inahitaji umeme kidogo tu. Alteneta iliyopungua nguvu hadi kutoa robo ya uwezo wake inaweza kuiendesha injini na bado ikashindwa kuchaji betri usiku, taa zikiwaka na feni ikizunguka. Injini ya dizeli ya kizamani yenye pampu ya kimakanika ni mbaya zaidi kwa kipimo hiki: inahitaji umeme mdogo mno, kwa hiyo kuendelea kuunguruma hakusemi karibu chochote.

Pili, ni hatari. Betri hufanya kazi ya bwawa linalotuliza mafuriko. Ukiiondoa ghafla alteneta ikiwa inaichaji, mkondo uliokuwa unakwenda kwenye betri unakosa pa kwenda, na kidhibiti volti hakiwezi kuituliza alteneta papo hapo. Volti zinaruka. Viwango vya kimataifa vya kupima vifaa vya magari, yaani ISO 16750-2, huhesabu kwamba katika mfumo wa volti 12 usio na kinga mruko huo unaweza kufika kati ya volti 79 na 101, ukadumu hadi sehemu nne za kumi za sekunde. Alteneta nyingi za kisasa zina daiodi za kupunguza mruko huo, lakini huwezi kujua kwa macho kama yako inazo na kama bado ziko hai. Kuhatarisha kompyuta ya gari ili kupata jibu ambalo multimita ya bei nafuu hulitoa kwa usalama ni biashara ya hasara.

Kipimo cha nne: volti 12.6

Hapa tunaingia kwenye kipimo chenye heshima. Betri ya risasi na tindikali, ambayo msingi wake uliwekwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina seli sita za volti 2.1 hivi kila moja. Jumla ni 12.6. Betri iliyotulia kwa saa kadhaa ikisoma 12.6 au zaidi kidogo, imejaa. Ikisoma 12.4 iko karibu robo tatu, 12.2 karibu nusu, na ikifika 11.9 hivi imekwisha.

Kosa la kipimo hiki liko kwenye tafsiri tunayokipa. Volti za betri iliyotulia zinaeleza imejaa kiasi gani. Hazielezi ina uwezo gani. Fikiria tanki la maji juu ya nyumba ambalo bomba lake la kutokea limejaa kutu. Ukipanda juu na kuchungulia, limejaa. Ukifungua bomba jikoni, yanatoka matone. Multimita ya kawaida huchota kwenye betri karibu sehemu moja ya milioni ya ampea. Huo ni uchunguliaji. Kwa hiyo betri mbovu iliyochajiwa jana inaweza kusoma 12.6 na kupewa cheti, na betri nzima iliyonyimwa chaji ikasoma 11.8 na kutupwa jalalani. Kosa hili la pili ndilo linalotuuma zaidi. Betri ya 11.8 inapaswa kuchajiwa polepole kwa chaja, kisha ndiyo ihukumiwe.

Jihadhari pia na kupima mara tu baada ya safari. Betri iliyotoka kuchajiwa huwa na chaji ya juu juu inayoweza kuonyesha volti 12.8 au 13. Washa taa kubwa kwa dakika moja au mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Sehemu ya pili ya kipimo hiki ni ile ya injini ikiwaka: "ikifika 14, alteneta nzima." Kwa magari mengi ni kweli kwamba kati ya 13.8 na 14.7 ni hali ya kawaida. Ila usiishie hapo. Washa taa kubwa, feni na vinginevyo, kanyaga mafuta kidogo, uangalie kama volti zinashikilia. Na ujue kwamba magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompyuta inayoshusha na kupandisha volti za chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta; kusoma 12.9 kwa dakika chache si lazima iwe ugonjwa. Upande wa juu nao uangaliwe: zikikaa juu ya 15 muda wote, betri inachemshwa, maji yanapotea, na harufu ya mayai viza ni onyo.

Kuna kosa jingine ambalo 14 hailioni. Alteneta huzalisha umeme wa mkondo geu, na daiodi ndizo zinazouelekeza upande mmoja. Daiodi moja ikiharibika, wastani wa volti unaweza kubaki mzuri huku nguvu ikipungua. Daiodi inayovuja inaweza hata kumaliza betri usiku. Weka multimita kwenye mkondo geu, upime kwenye betri injini ikiwaka. Zaidi ya nusu volti inatia shaka. Lakini kipime kwanza kipimo chenyewe: multimita nyingi za bei ya chini, zikiwekwa kwenye mkondo geu, huchanganya na umeme wa betri na kutoa namba za ajabu. Zima injini na upime kwa njia hiyo hiyo, kisha geuza ncha na urudie. Ikionyesha ishirini na kitu mahali panapotakiwa kuwa sifuri, haifai kwa kazi hii.

Kipimo cha tano: mashine inayochapisha risiti

Mashine hii inaonekana ya kisasa: unabana waya mbili, unabonyeza, inatoka karatasi inayosema nzima au badilisha. Haiipi betri mzigo mkubwa. Inatuma ishara ndogo za umeme na kukadiria urahisi wa umeme kupita ndani, kisha inalinganisha na namba uliyoiingiza mwenyewe. Hapo kwenye "uliyoiingiza mwenyewe" ndipo penye mambo.

Namba hiyo kwa kawaida ni ampea za kuwashia kwenye baridi: ampea ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Hata kule Kitulo, ambako sakitu ya alfajiri huonekana, hakuna baridi ya namna hiyo. Namba inabaki na faida kama kigezo cha kulinganisha, mradi iwe sahihi. Betri iliyotengenezwa kutoa 350 ukiiambia mashine kwamba ni ya 550, itahukumiwa mbovu ikiwa mpya kabisa. Magari yetu mengi yametoka Japani, na betri zake huandikwa kwa mtindo wa Kijapani, mfano 55D23L: 55 ni daraja la uwezo, D ni umbo la ubavu, 23 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande wa kichwa. Hiyo 55 siyo ampea, wala siyo ampea-saa.

Kwa hiyo karatasi ikitoka, usisome neno la mwisho tu. Soma namba iliyoingizwa, aina ya betri iliyochaguliwa, na volti za betri wakati wa kupimwa. Na kama mwenye mashine ndiye pia muuza betri, uliza kwa adabu: "Fundi, tunaweza kuichaji kwanza halafu tuipime tena?"

Kipimo tunachokisifu

Sifa zetu zinakwenda kwa multimita ile ile, ila ikitumiwa wakati stata inapigwa. Gia iwe huru, breki ya mkono juu, nguo na vidole mbali na feni na mkanda. Betri iwe imechajiwa hadi angalau 12.4.

Weka ncha za multimita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, siyo juu ya vibano. Mwenzako apige stata. Volti zikishuka chini ya 9.6 katika hali yetu ya joto, betri iliyokuwa imejaa inatiwa hatiani, au stata inakula kupita kiasi. Zikibaki juu, mfano 12.3, huku stata imegoma, betri haina kosa, umeme haufiki.

Halafu tafuta unapopotelea. Weka ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma cha injini, piga stata. Isome chini ya 0.3 hivi, isizidi 0.5. Rudia upande chanya: kichwa cha betri hadi kwenye boliti kubwa ya stata. Ukinzani wa omu 0.02 tu kwenye kibano chenye kutu, kwa ampea 150, unameza volti 3. Na hizo volti 3 kwa ampea 150 ni wati 450, sawa na pasi ndogo, zinazoishia kwenye kibano. Ndiyo maana kibano kibovu huwa cha moto ukikigusa kwa tahadhari baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa. Multimita kwenye betri iliyotulia isingeyaona haya maisha yake yote.

Kwa betri zenye vifuniko vya kufungua, kuna kipimo kilichosahaulika ambacho bado kina akili: hidromita. Kinapima uzito wa tindikali katika kila seli peke yake. Betri iliyojaa husoma takriban 1.25 hadi 1.28. Seli zote sita zikiwa chini kwa usawa, betri ni tupu, ichajiwe. Seli moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.05 hata baada ya kuchaji, betri ni mbovu. Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha njaa na ugonjwa waziwazi. Vaa miwani ya kinga, usivute sigara karibu, maana betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na asilimia 4 tu ya gesi hiyo hewani inatosha kulipuka. Kiwango kikipungua, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, siyo tindikali: kilichopotea ni maji. Tindikali ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali.

Mwizi wa usiku naye ana kipimo chake. Multimita iliyowekwa kwenye ampea huunganishwa kati ya kichwa hasi na waya wake, gari limezimwa na milango imefungwa, ukasubiri nusu saa hivi kompyuta zilale. Usipige stata ikiwa humo, utaiunguza. Hadi ampea 0.05 ni kawaida. Kwa betri ya ampea-saa 45, hiyo inakula nusu ya chaji kwa siku 19 hivi. Lakini balbu ya wati 5 iliyosahaulika kwenye buti inavuta ampea 0.4 na kumaliza nusu hiyo hiyo kwa siku mbili na ushee. Chomoa fyuzi moja moja. Ile inayoshusha namba ndiyo inayojua nyumba ya mwizi.

Gharama isiyo kwenye risiti

Mtu anaweza kusema: kosa likitokea, hasara ni hela tu. Kwa dereva wa teksi, betri mpya isiyohitajika ni mapato ya siku nyingi, kwa hiyo hata "hela tu" siyo ndogo. Lakini kuna hasara nyingine. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Betri inayotolewa kwenye gari haipotei. Inauzwa kama chakavu, inapasuliwa, risasi yake inayeyushwa mahali fulani, karibu na watu fulani.

Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichoanza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014. Watoto na watu wazima walikutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mvutano wa rufaa uliendelea kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Betri zilizokufa kweli lazima zirejelezwe, tena vizuri. Lakini kila betri nzima tunayoihukumu kimakosa inasafiri njia hiyo hiyo kabla ya wakati wake.

Joto letu linatosha kuziua betri bila sisi kulisaidia. Kwa makadirio ya kawaida, joto likipanda nyuzi 10 hivi, kutu ya ndani huenda kwa kasi inayokaribia mara mbili. Kwa hiyo betri nyingi zitakufa kweli, na jirani mwenye ndoo ataendelea kupatia. Tunachoomba ni kidogo. Siku fundi akikwambia betri imekufa, usibishane naye wala usitoe hela kwanza. Muulize: "Fundi, umejuaje kwamba siyo chaji wala waya?" Fundi mzuri atafurahi, atachukua multimita, na atakuomba ukae kwenye usukani upige stata.